Sala ianze, michango isubiri

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, makanisa ya pembezoni mwa mji yamefurika. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 mjini hapa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Misa ya kwanza Jumapili watu wanasimama hadi nje, na kila unapokwenda kuna mchango wa ujenzi. Ukiuliza habari za kukua kwa Kanisa, unaonyeshwa msingi wa jengo jipya. Namshukuru Mungu kwa hilo, na saruji nimechangia. Lakini mimi ni katibu wa jumuiya, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja mtaani, huku Nzuguni, daftari la mahudhurio nalishika mwenyewe, nalo lilikuwa likinionyesha kitu kingine: kanisani tumejaa, kwenye jumuiya hatuonani.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha uchungaji. Walitaka majirani wasome Injili pamoja na kubebeana shida. Sasa angalia inavyokuwa mahali pengi. Rozari inasaliwa mbiombio, Injili inasomwa na hakuna anayeulizwa imemgusa wapi, kisha linafunguliwa daftari: zaka, tegemeza jimbo, ujenzi, jubilei ya fulani, rambirambi. Muda wote unaishia hapo. Mama anayeuza mchicha, siku hana elfu mbili, anaona bora asije kabisa. Halafu akifiwa tunamuuliza kadi ya michango. Hili linaniuma sana, na nalisema wazi: mtu akiikimbia jumuiya kwa kuogopa michango, tumemfukuza sisi.

Kwetu wazee walikubaliana kwamba michango isitajwe ndani ya sala. Baada ya baraka ya mwisho mweka hazina anakaa pembeni. Mwenye kutoa anamfuata, asiye nacho anaaga na kwenda zake. Wapo waliosema makusanyo yatakufa. Hayajafa.

Ratiba nayo ilibidi iguswe. Huku tuna wenyeji, Wagogo wanaolima, na tuna watumishi waliohamia na wizara zao. Mvua zikishaanza Desemba, alfajiri ya Jumamosi mwenyeji yuko shambani, maana uwele na alizeti havimsubiri mtu. Mtumishi naye wiki nzima anarudi kutoka Mtumba, kwenye ofisi za wizara, giza limeingia, Jumamosi saa 12 asubuhi hata sauti ya kengele haisikii. Siku hizi msimu wa kilimo tunasali Jumapili jioni, kiangazi kikiingia tunarudi Jumamosi. Na zaka vilevile: mshahara hutoka mwisho wa mwezi, mtama hutoka baada ya mavuno, na wenye zabibu wana misimu yao miwili kwa mwaka. Kumdai mkulima wa Dodoma zaka mwezi Februari, wakati hata chakula cha nyumbani anakitafuta, ni kutoijua nchi hii. Akileta debe la mtama mwezi Juni linaandikwa daftarini kwa heshima ileile ya noti.

Lakini uamsho wenyewe niliuona Oktoba, mwezi wa Rozari. Tulipanga zamu ya nyumba: leo kwa mwenyeji, kesho kwa mhamiaji. Mageti ambayo hatujawahi kuyapita yakafunguliwa. Bibi mmoja, ambaye alianza kusali hapa enzi za Misa chini ya mbuyu, aliingia kwa mara ya kwanza sebuleni kwa afisa aliyepakana naye ukuta kwa ukuta. Akasalimu, "Mbukwa!" Watoto wa nyumba ile wakabaki wanamtazama, akawafundisha kuitikia, ndipo tukafanya Ishara ya Msalaba. Zamu yake ilipofika tulikaa uani kwenye mikeka, akina mama wakaweka ngoma za muheme katikati ya magoti, wakamwimbia Mama Maria kwa Kigogo. Kuna wanakwaya wanaoona ngoma hizo ni za kijijini na kinanda ndicho cha kanisa. Waje wasikie. Watoto wa afisa walicheza mpaka tukachelewa kufunga sala, na wiki iliyofuata mama yao alimpakia bibi kwenye gari, akampeleka Hospitali ya Benjamin Mkapa kupimwa macho. Hakutumwa na kiongozi yeyote.

Vijana nao wamepewa tafakari ya Injili, na wanaifanya vizuri kuliko sisi tuliozoea kuhubiri.

Sasa ua mmoja hautoshi. Kwenye kikao kijacho cha halmashauri walei, baraza la waumini wa kigango chetu, tutaomba jumuiya igawanywe, mpya ianzie upande wa viwanja vipya, na uongozi wa kila moja uchanganye wenyeji na wahamiaji. Mtakatifu msimamizi wa hiyo mpya bado hajapatikana: wazee wanamtaka Mtakatifu Yosefu, vijana wamesimama na Mtakatifu Bakhita.