Uzoefu wangu: tulivyozoea kuishi Uingereza uzeeni, mimi na Padre, kutoka Masasi

Tangu turudi hapa Masasi sipiti sokoni bila mtu kunishika mkono, eti Mama Anna hebu tuambie mliwezaje, wazee wa miaka sitini na kitu kwenda kukaa Uingereza miaka miwili na baridi ile. Wengine wanauliza kwa sababu watoto wao wako huko wanawaita, na kuna mapadre nao wameshaambiwa wajiandae na wake zao. Basi naandika mara moja. Na naandika pia kwa sababu nina dukuduku na ushauri tuliopewa kabla ya kuondoka, maana karibu wote ulitupoteza na ukatumalizia hela.

Mume wangu ni padre wa Anglikana, alishastaafu parokia, mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu. Tuliitwa na parokia moja kaskazini mwa Uingereza, mji mdogo karibu na Leeds, kanisa kubwa la mawe ambalo Jumapili linapata watu ishirini na tano, wengi wametuzidi umri. Wamisionari wa kwao ndio waliokuja huku kwetu mwaka 1876, Askofu Steere na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, walikuwa wanaelekea Nyasa wakaishia hapa Masasi, kila mtoto aliyekulia Mtandi anaijua hiyo habari. Sasa wao ndio walikuwa wanaomba watu. Padre aliposomewa ile barua alinyamaza kama dakika tano alafu akasema, Mama Anna, hili deni la babu zetu, twende.

Mambo ya viza, kipimo cha kifua kikuu, kuchukuliwa alama za vidole Dar, hayo mtaelekezwa na wanaowaita, siyaandiki.

Naanza na makoti. Tuliambiwa na mtu aliyewahi kuishi Ulaya kwamba tusithubutu kupanda ndege bila makoti mazito, akatupeleka mwenyewe kwenye duka moja Dar, tukaacha pale kama laki tatu na nusu kwa makoti mawili. Tumefika kule, wiki ya pili, mama mmoja wa kanisani akanichukua kwenda kwenye yale maduka ya hisani, watu wanatoa nguo zao zinauzwa kwa ajili ya misaada, naangalia naona huu ni mtumba wenyewe, tena mtumba kabla haujafungwa robota! Koti la sufu, zito, limeshonwa vizuri mpaka ndani, pauni nane. Yale ya Dar yalikuwa mepesi, upepo unapita. Kwa hiyo mkienda, nendeni na sweta mbili za kufikia tu, hela yenu kaeni nayo.

Sasa nyumba. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Tulifika Novemba. Tulipewa kanyumba ka kanisa, vyumba viwili juu, jiko na sebule chini, kila chumba kina hita ya bati imebanwa ukutani, pembeni ina kitufe cha kuzungusha kina namba 1 mpaka 5. Gesi ina kadi yake na umeme una kifunguo chake cha plastiki, unapeleka dukani wanakujazia, tukafurahi tukasema ahaa hii ni Luku, tunaijua. Lakini ile Luku yao inakata kila siku hata ukizima kila kitu, umeme na gesi pamoja ni karibu pauni moja kwa siku kwa kuwa tu umeunganishwa, na sisi hatukuambiwa. Wiki ya kwanza tuliweka hita zote namba 5, hela ikaisha tukabaki tunatazamana. Basi tukaogopa, tukawa tunazima kutwa nzima, tunawasha saa mbili tu za jioni.

Na kuhusu hewa tulikuwa na ushauri wa yule yule wa makoti: zibeni kila tundu, Ulaya baridi inaingia kwenye upenyo, ikiingia mzee anapata nimonia. Tukatii. Kule madirisha yana vijitundu juu, virefu vyembamba, nikachukua vitambaa vya khanga yangu kuukuu nikavisokomeza kwa kisu, kimoja baada ya kingine, nyumba nzima. Nikafunga madirisha na sikufungua tena mpaka baada ya Krismasi. Nguo nafua naanika juu ya hita. Mbaazi nachemsha masaa matatu sufuria wazi kama niko nyumbani. Asubuhi vioo vinatiririka maji, naona tu ni baridi ya nje.

Sasa Januari, Jumamosi jioni, Padre anatoa mavazi yake ya Misa ya kesho. Ana stola moja nyeupe, kile kitambaa kirefu cha padre cha shingoni, akina mama wa parokia yetu ya mwisho huku Masasi walimshonea siku anastaafu, wameitarizi msalaba kwa uzi wa dhahabu na chini kabisa wameweka tawi la mkorosho, majani na bibo lake jekundu na korosho inaning'inia. Hiyo stola alikuwa anaibusu kabla ya kuivaa, sijui kama mnanielewa. Ilikuwa kwenye kabati la ukutani. Anaitoa, naona amesimama tu. Nikasogea. Kuanzia shingoni mpaka katikati imeota vidoa vyeusi vidogo vidogo kama mtu amenyunyizia masizi, na kanzu yake nyeusi iliyokuwa karibu nayo ina mabaka meupe, ukipitisha kidole inakuwa unga. Tukalisogeza kabati. Ukuta wa nyuma wote mweusi, kuvu, unanuka kama ghala lililovujiwa. Na mwezi mzima Padre alikuwa anakohoa usiku tukidhani ni baridi!

Nikajaribu ninavyojua. Ndimu na chumvi, alafu jua. Jua la wapi Januari Leeds. Nikaanika stola juu ya hita, ikakauka na madoa yake. Nikajaribu jiki, nikaogopa uzi wa dhahabu, nikaacha. Nikakaa kwenye ngazi nikalia, na Padre akaja akakaa ngazi ya chini yangu, hakusema kitu.

Aliyetuokoa ni jirani wa nyumba ya pili, bibi wa miaka themanini hivi, mjane. Aliingia jikoni kwangu, akanusa, akaenda moja kwa moja dirishani akachomoa vile vitambaa vyangu vya khanga kimoja kimoja akavipanga mezani kama anahesabu. Akanieleza taratibu, na mimi nawaeleza ninyi: maji hayatoki nje, yanatoka kwenu ninyi wenyewe. Pumzi, chai, sufuria, nguo mbichi, kuoga, ule mvuke wote unatafuta mahali pa baridi unageuka maji, na mahali pa baridi ni kioo na ukuta wa nje nyuma ya kabati. Ukizima hita kutwa nzima ukuta unapoa zaidi, ukija kuwasha na kupika mvuke unakimbilia pale pale. Vile vijitundu vimewekwa makusudi vitoe huo mvuke, na mimi nimevisokomeza khanga.

Kuanzia siku hiyo tulifanya hivi, na kuvu haikurudi mpaka tunaondoka. Kila asubuhi tukiamka tunafungua madirisha yote, juu na chini, dakika kumi, hata kama kuna theluji, tunavaa makoti tunasali sala ya asubuhi hivyo hivyo, tukimaliza zaburi tunafunga. Hita tunaweka namba 2 na hatuzizimi, na ajabu hela haikuzidi ile ya kuwasha na kuzima. Sufuria inafunikwa, mlango wa jiko unafungwa, feni ya jikoni inawashwa. Kabati linakaa kiganja kimoja mbali na ukuta. Na nilikuwa nafuta vioo kwa kitambaa nakikamulia kwenye kikombe, siku ya kwanza nilipima dirisha moja tu la chumba cha kulala, nusu kikombe cha chai! Mwezi wa tatu nilikuwa nakamua matone. Sasa hivi nikisikia mtu anamwambia mwenzie zibeni matundu, moyo unaniuma.

Stola aliichukua yule bibi, sijui aliilowesha kwenye nini siku mbili, ikarudi nyeupe isipokuwa doa moja karibu na bibo. Padre anaivaa mpaka leo.

Mtasema huyo bibi alijuaje kuja. Hapo sasa ndipo penye korosho.

Ushauri mwingine tuliopewa ni kwamba wazungu hawapendi wageni, usigonge mlango wa mtu, ishi kivyako. Miezi miwili tuliishi kivyetu. Lakini ile Jumamosi ya stola nilipotoka kwenye ngazi nikajiuliza, mimi mtu wa Masasi, toka lini nimehamia mtaa nikakaa miezi miwili sijapiga hodi? Tulikuwa tumebeba kilo nane za korosho, nimezikaanga mwenyewe kabla ya kuondoka, thamani yake kama laki mbili hivi, tulikusudia kuwapa wakubwa wa kanisa. Nikazipima vifuko vidogo, nikafunga na utepe wa khanga, na Jumatatu jioni tukatoka na Padre, mlango hadi mlango, nyumba kumi na moja. Tunasema jina letu, tunasema hizi ni za shamba letu, karibuni kwetu. Basi. Hatukuingia ndani kwa mtu.

Saba walifungua. Wote wanazila korosho, wananunua dukani, ila hakuna hata mmoja aliyejua zinaotaje! Nikawa natoa simu nawaonyesha picha ya mkorosho wetu wa uani, bibi yule akashika simu yangu kwa mikono miwili akauliza, yaani tunda hilo lote jekundu na korosho ni moja tu, tena iko nje? Nikamwambia ndiyo mama, na ganda lake lina mafuta yanaunguza mikono, akina mama wanabangua moja moja. Akatazama kile kifuko kama kitu kipya. Kesho yake ndiyo akaja na jamu, ndiyo akanusa jiko langu.

Ila angalieni hili: nyumba ya nne mama kijana alirudi nyuma akainua mkono, mtoto wake ana mzio wa karanga na korosho, hata kugusa ni hatari, mtoto anaweza kuvimba koo. Nilitetemeka. Hakuna kilichotokea, ila tangu hapo nauliza kwanza kabla sijanyoosha mkono, na ninyi muulize. Kwake nilirudi na maandazi, baada ya kumsomea viungo vyote pale mlangoni.

Kanisani tulizoea polepole. Mahubiri ni dakika kumi, kumi na mbili, Padre alizoea arobaini, akawa anaandika na kukata, kuandika na kukata, na nasema bila kuficha alihubiri vizuri kuliko alivyowahi. Siku aliyoeleza habari za 1876 na Masasi, baada ya Misa wakati wa chai mzee mmoja mwanamke akamfuata na fimbo yake akasema jina hilo analijua, utotoni nyumbani kwao kulikuwa na kisanduku cha kutumbukizia senti za misheni ya huko, Masasi, Masasi, alilitamka kama sisi kabisa. Alikuwa hajawahi kumwona mtu wa huko maisha yake yote. Walishikana mikono mpaka chai ikapoa.

Mengine kwa haraka. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zinasogezwa mbele, simu inajirekebisha yenyewe ila saa ya mkononi ya Padre haikujua, tukafika wanasoma Injili. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, wiki ya tatu ya mwezi huo Padre alikuwa hataki kutoka kitandani, daktari akasema vitamini D, maikrogramu 10 kila siku, na sisi weusi tunashauriwa tumeze mwaka mzima, ni vidonge vya bei ndogo, nendeni navyo akilini. Na tutoke nje mchana kila siku hata nusu saa. Kwa daktari jiandikisheni kwenye kliniki ya mtaa wiki ile ile mliyofika, usisubiri kuumwa, ukishafika miaka sitini dawa za cheti England hulipii. Unga wa ugali na kisamvu cha kugandisha vipo Leeds kwenye maduka ya Waafrika, ugali wa muhogo pia nilipika, yule bibi alimaliza sahani.

Mwaka jana mwezi wa kumi, sisi tumesharudi, yule bibi akanitumia ujumbe kwenye wasapu, neno moja kwa Kiswahili na alama ya kuuliza: "Mabibo?" Nikatoka uani nikampigia picha, yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuiva.