Seva zinazozimwa kazi haijaisha: nilivyozikomesha

Kila Maulidi hapa Amu, mashindano ya punda yakimalizika tu, watu huanza kunitumia video. Nazigeuza ziwe nyepesi, jamaa zetu walioko Uarabuni wazitazame kwenye simu. Kazi hiyo hufanywa na seva, yaani kompyuta za mbali, za kukodi za AWS, huduma ya Amazon: foleni ya video ikirefuka zinaongezeka zenyewe, ikifupika zinapunguzwa.

Kuongezeka hakuna taabu. Balaa ni kupunguzwa. Video ndefu imefika asilimia tisini, seva inazimwa! Inaanza upya kwenye seva nyingine, na hiyo nayo inazimwa.

Bwana mmoja wa Mombasa, mtaalamu kwa kujitaja mwenyewe, akanambia, "Ndugu yangu, mfumo huondoa ile isiyo na kazi." Wapi! Usipoupa masharti mengine, mfumo hutazama kwanza kituo kipi cha AWS kina seva zako nyingi zaidi. Humo huchagua iliyowashwa kwa kiolezo (maelezo ya kuwashia seva) cha zamani, kisha iliyokaribia kuingia saa mpya ya malipo. Inayotoka jasho na iliyolala, kwake ni mamoja.

Akaja na dawa ya pili: zipe zote kinga zisiondolewe.

"Zote?"

"Zote, Bwana."

Haya. Wageni wakaondoka, punda wakarudi kubeba mchanga, seva zangu zote ziko macho zinakula pesa. Bili ya mwezi ule siitaji hapa. Mke wangu husoma haya.

Kilichonifaa ni seva kujikinga yenyewe, na hili nilijitungia bila mtaalamu. Ikichukua video kwenye foleni, inauomba mfumo kinga, ikimaliza, inaivua. Basi zinaondolewa zile zisizo na shughuli. Utamu uko hapa: ikinyimwa kinga, huenda imeshapangiwa kuzimwa, kwa hiyo inairudisha video foleni bila kuigusa. Usisahau kuipa seva ruhusa ya kuomba, la sivyo itanyimwa kila mara.

Kinga hii haizuii seva inayoonekana mgonjwa kubadilishwa, wala wewe mwenyewe kuizima kwa mkono.

Na kama foleni yako ni ya SQS, huduma ya foleni ya AWS, ongeza muda wa kazi iliyochukuliwa kufichwa seva nyingine zisiione. Usipougusa ni sekunde 30 tu, na utakuta seva mbili zinageuza punda yule yule.