Kerneli yangu ya kwanza iliniharibia usiku mzima

Jana stima ilipotea hapa Kahawa West kerneli (ile programu ya ndani kabisa ya Linux inayoendesha vifaa vya kompyuta) ikiwa katikati ya kukompaili, yaani source code ikigeuzwa programu kwa amri ya make, nikabonyeza Ctrl+C kuisimamisha nikazima mashine nikalala, asubuhi nikaandika make tena ikaendelea pale ilipofika, faili zilizokuwa zimeisha haikuzigusa. Lakini mara ya kwanza mambo hayakwenda hivi.

Mara ya kwanza nilifanya moja kwa moja kwa laptopu ya kazi, ile ya mitumba nilitoa Moi Avenue. Nikaona /boot (mahali kerneli zinakaa kwa disiki) imejaa, nikafuta kerneli ya zamani ndio mpya itoshee, nikarestati. Skrini nyeusi, na mstari wa mwisho "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Yaani kerneli imeamka lakini haioni disiki, mara nyingi ni initramfs (faili inayosaidia kerneli kufikia disiki wakati wa kuwaka) haikutengenezwa ama dereva ya disiki imeachwa nje. Kwa GRUB, ile menyu ya kuchagua kerneli ukiwasha mashine, hakukuwa na nyingine ya kurudia. Kazi ya mteja ilikuwa ndani, ya kupeleka asubuhi, na saa sita usiku nikagonga mlango wa jirani kuomba flashi ya kuwashia laptopu.

Kwa hivyo kama unataka kukompaili yako nakuomba, anzia ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako. Weka Debian (aina moja ya Linux), ipe disiki ya GB 40 kwa sababu kukompaili kunakula nafasi vibaya, halafu piga snapshoti (nakala ya kurudia mambo yakiharibika) kabla ya make install, amri ya kuweka kerneli mpya. Source code yenyewe unaitoa kernel.org, ni karibu MB 150, bando ya kawaida inatosha.

Kitu kitakuokolea masaa ni make localmodconfig, amri inayokutengenezea konfigi, yaani orodha ya vitu vya kuingiza kwa kerneli. Inaangalia moduli (vipande vya kerneli, kama dereva za vifaa) zinazotumika saa hiyo na kuacha zingine zote, kwa hivyo kama utahitaji flashi ama Wi-Fi ya USB chomeka kwanza, la sivyo itaachwa nje. Na usibebe konfigi ya VirtualBox ukaipeleka kwa laptopu, vifaa ni tofauti kabisa, ukifika huko irudie upya.

Halafu ipe kerneli yako jina la kuitofautisha kwa CONFIG_LOCALVERSION ndani ya konfigi ili moduli zake zikae folda yake, zisigongane na za zamani. Ya zamani usiifute hata ikikubana vipi! Kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini ya kile kinachowashwa) imewashwa laptopu itaikataa kerneli ambayo haijasainiwa, hiyo si kosa la kukompaili.

Leo saa nne asubuhi nimeandika uname -r, amri ya kuonyesha kerneli inayotumika, ikaniletea 6.12.0-jaribio. Nimeiangalia kwa muda mrefu sana.