Nilivyowanyima watu uyoga wa bure

Mtaani kwetu hapa Morogoro bado naitwa mchoyo, na sijali. Masika yalipochanganya, nyasi za mbele ya nyumba zilijaa uyoga mweupe, kofia pana kama sahani, juu una magamba ya kahawia na shina limevaa pete. Sijainama hata kuuangalia, washauri wameshafika. Shemeji akasema niuchemshe na kitunguu saumu, kisipogeuka rangi tule. Mzee wa nyumba ya pili akaninyooshea kidole: "Kijana, huoni konokono ameutafuna?" Mwingine akataka kijiko cha fedha, eti kikigusa sumu kinageuka rangi. Cha fedha, kwangu mimi! Upuuzi mtupu. Konokono hula hata uyoga unaoua mtu, na sumu ya amanita, kundi la uyoga lenye aina zinazoua, haiogopi kitunguu wala moto.

Dawa yangu ilikuwa karatasi ya shilingi chache: kofia huidondoshea unga, ndizo mbegu za uyoga, na rangi ya unga husaidia kuutambua. Kofia ya kwanza ilikuwa imezeeka. Usiku funza wakatoka wakazurura juu ya karatasi nzima, na mke wangu akaniuliza kama hiyo ndiyo sayansi. Nikachuma nyingine iliyofunguka vizuri. Nikakata shina, nikailaza matamvua, yale makunjo membamba ya chini ya kofia, yakiangalia chini, nusu juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya nyeusi, maana unga mweupe kwenye karatasi nyeupe hauuoni. Tone la maji juu ya kofia, bakuli likafunika, nikaenda kulala.

Asubuhi nikafunua: kijani! Mistari ya unga wa kijani kilichopauka, imejipanga kuzunguka alama ya shina. Hapo nikaita watu wote waje waone. Huyo ni Chlorophyllum molybdites, wa familia ya Agaricaceae, familia ile ile ya uyoga mdogo mweupe wa supamaketi. Ukiula, baada ya saa chache ni kutapika na kuharisha. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe, ndiyo maana unadanganya wengi.

Shemeji akatazama karatasi, kisha akauliza, "Na tukimwaga maji ya kwanza?"

Nimeung'oa wote. Msichukue unga mweupe kama ruhusa, amanita wauaji nao hutoa mweupe. Mimi hununua ule wa kichuguu kwa mama mmoja anayeujua tangu utotoni, na huutaka na mzizi wake mrefu uliotoka kwenye kiota cha mchwa. Akiwa ameshaukata, sinunui, hata anipunguzie bei.