Maji ya Kisauni si yale niliyoyaacha

Tangu nirudi kutoka Doha, kila anayenitembelea huuliza nimeuonaje mji wetu wa Mombasa. Nadhani wanangoja nisifu barabara na maghorofa. Mimi lililonishtua ni chai ya shangazi: ina chumvi. Kule nilikokuwa maji ya mferejini ni ya bahari, yamesafishwa hadi hayana ladha. Hapa kisima tulichokuwa tukiteka maji matamu, sasa hata povu la sabuni hakitoi.

Chini yetu ni jiwe la matumbawe, matundu matupu. Maji matamu yamekaa kama utando juu ya maji ya bahari. Pampu zikivuta mno, mvua ikichelewa, na bahari nayo inapanda, chumvi inaingia. Matundu hayo hayo hupitisha maji ya vyoo vya shimo, na mvua za El Niño za vuli ya 2023 ziliposhuka, shangazi anasema kisima na choo vilikuwa kitu kimoja. Watoto wa uani wakaendesha wote.

Shangazi ana presha. Amekatazwa chumvi, ameacha kutia hata kwenye mchuzi, lakini maji anayopikia yameshatiwa. Watafiti waliofuatilia wajawazito pwani ya Bangladesh (nchi, si ule mtaa wetu wa Jomvu wenye jina hilo) walikuta presha kwa wingi zaidi kwa wanaokunywa maji yenye chumvi nyingi.

Maji ya mfereji hutoka kwa zamu, kwa hivyo kila nyumba ina mapipa. Juzi adhuhuri nilifunua moja. Vijidudu vimening'inia vichwa chini; kivuli changu kilipopita vikazama vyote vikijipinda. "Hivyo viluwiluwi tu, mwanangu, chota pembeni," shangazi akanambia.

Basi hao wakikua ndio mbu wa Aedes, wenye madoa meupe miguuni. Homa ya dengue ya 2013 ilipita kwao, na homa ya chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018 pia, iliyowaacha watu na viungo vinavyouma miezi. Joto likizidi hukua upesi, na kirusi cha homa hizo nacho huiva upesi ndani yao. Chandarua kinafaa sana kwa malaria, ila huyu huuma mchana. Ukipanda kitandani ameshashiba.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai hunata ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya maji, hukaa makavu hata miezi, maji yakirudi yanaanguliwa. Sharti usugue. Na ukishikwa na homa na maumivu ya viungo, usikimbilie dawa za maumivu kama diclofenac wala aspirini dukani: ikiwa ni dengue, damu inaweza kukutoka. Meza panadol, kunywa maji, nenda ukapimwe.

Kinachonikera ni wanaopita wakituhubiria usafi, kana kwamba mapipa tunayapenda. Maji yangetoka kila siku, nani angejaza uwa mapipa?

La kwetu nimelisugua, nikalifunika kitambaa cha neti kilichobanwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Majirani wameshaanza kuulizia, na shangazi anataka la jikoni lipate pia. Mwenye kumjua fundi cherehani wa kushona vifuniko hivyo kwa bei ya kuelewana, Mtopanga au Bamburi, anishtue.