Sakura kutoka dirisha la tramu

Leo asubuhi jijini Tokyo nilipanda tramu ya Arakawa, treni ndogo ya mjini, katika kituo cha Minowabashi, nikalipa nauli ambayo ni ileile hata ukienda hadi mwisho wa njia, umbali wa kilomita 12.2, kisha nikasimama nyuma ya dereva nisipitwe na kitu. Kengele ililia mara mbili, tukaondoka polepole nyuma ya nyumba za watu, karibu kabisa na nguo zilizoanikwa.

Njia hii ilianza mwaka 1911. Wakati mmoja tramu za jiji la Tokyo zilikuwa na zaidi ya kilomita 200 za reli, lakini kati ya mwaka 1967 na 1972 karibu zote ziling'olewa kuyapisha magari. Hii ilisalia kwa kuwa sehemu kubwa ya reli zake ziko mbali na barabara, na kwa kuwa wakazi waliipigania. Nawashukuru kwa dhati.

Baada ya kituo cha Oji, tramu huingia barabarani na kupanda mlima pamoja na malori, na ghafla kilima cha Asukayama hutokea, chote cheupe kwa sakura, maua ya micheri. Hapo nilishuka. Shogun Tokugawa Yoshimune, mtawala wa kijeshi wa Japani, alianza kupanda micheri hapa mwaka 1720, ili watu wa kawaida wa Edo, jina la zamani la Tokyo, wapate mahali pa kustarehe, na hadi leo wakazi wa jiji hutandika mikeka yao chini ya miti, wakila na watoto na wazee wao. Petali moja ilinidondokea mkononi: nyeupe, yenye wekundu hafifu kwenye kitako na mkato mdogo kwenye ncha.

Micheri mingi ninayoiona ni ya aina ya Somei Yoshino, iliyoenezwa na watunza bustani wa kijiji cha Somei, ambacho sasa ni mtaa usio mbali na reli hizi. Huzalishwa kwa kubebesha, kama tunavyobebesha miembe kwetu, hivyo yote ni mti mmoja uliogawanywa, na ndiyo maana huchanua kwa pamoja, kabla ya majani, na kupukutika kwa pamoja. Tangu nilipolijua hilo, siwezi kuutazama mmoja bila kuifikiria mingine yote.

Jioni, katika kituo cha Omokagebashi, karibu na Mto Kanda, mlango ulipofunguliwa upepo uliingiza petali nyingi ndani. Bibi aliyeketi mbele yangu aliinua mkoba wake, akaziacha sakafuni, zikasafiri nasi hadi Waseda, mwisho wa njia.