Kisu kilichonyoa malaika ya mkono kikashindwa na karoti

Jioni moja nilimaliza kunoa kisu changu cha jikoni, nikakijaribu kwenye mkono wa kushoto, na malaika, yale manyoya laini ya ngozi, yakanyoleka kama yamepitiwa na wembe. Nikachukua karatasi, nayo ikachanika kwa mstari ulionyooka bila kukwama. Nilikiweka juu ya karoti nene kwa majivuno ya fundi aliyehitimu. Kisu kiliingia kama sentimita moja, kikagoma, na nilipokikandamiza karoti ilipasuka kwa mlio na kipande chake kikarukia sakafuni. Karoti ile haikukatwa, ilipasuliwa kama gogo linavyopasuliwa kwa kabari. Nilikaa nikikitazama kisu ambacho kwa kila kipimo nilichokijua kilikuwa kikali, lakini hakikati.

Nilikuwa nimetoka mbali kufika hapo. Kisu changu cha kwanza nilikipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kusagia, akakinoa kwa dakika mbili huku cheche zikiruka, nami nikarudi nimeridhika. Baada ya siku chache kilikuwa butu, na kila nilipokinoa upya kilirudi kuwa butu upesi vilevile. Muda mrefu baadaye ndipo nilipoelewa maana ya doa la samawati lililobaki karibu na ncha yake. Chuma cha pua hupata ugumu wake kwa kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla, kisha hupashwa tena kwa joto la wastani, ambalo kwa visu vingi huwa kati ya nyuzi 150 na 250 za Selsiasi, ili kisiwe na udhaifu wa kuvunjika kama kioo. Rangi ya samawati kwa kawaida hujitokeza kwenye nyuzi 300 hivi. Jiwe la mashine lisilopozwa kwa maji lilikuwa limeondoa ugumu pale pale penye makali, na hakuna kinoo kinachoweza kuurudisha.

Kwa hiyo nilinunua kisu kingine pamoja na jiwe la kunolea la namba 1,000 (namba ikiwa kubwa, punje za jiwe huwa ndogo), nikaamua kujifunza kwa mkono. Miezi ya kwanza niliharibu zaidi kuliko nilivyonoa, kwa sababu mkono wangu ulibadilisha pembe katika kila msuguo. Kilichoniokoa ni hesabu ndogo na kalamu ya wino mzito. Ubapa wa kisu changu una upana wa milimita 45, hivyo nikitaka pembe ya nyuzi 15 kila upande, mgongo wa kisu lazima uinuke milimita 12 hivi juu ya jiwe. Nilipaka wino kwenye makali, nikasugua mara tano, kisha nikaangalia: wino ukiondoka juu tu, nimelaza kisu kupita kiasi, ukiondoka kwenye ncha kabisa ya makali peke yake, nimekiinua mno. Wino hausemi uongo, na ulinifundisha mengi zaidi kwa wiki mbili kuliko nilivyojifundisha kwa miezi.

Jambo lililonichelewesha zaidi, hata hivyo, ni kile kijikunjo cha chuma kinachoota upande wa pili wa makali unaposugua upande mmoja. Hukioni kwa urahisi, ila ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa urefu wa makali, utahisi kitu kinachokwaruza kidogo. Kijikunjo hicho ni habari njema, kwa kuwa kinaonyesha kwamba pande mbili zimekutana. Kosa langu lilikuwa kukiacha. Kisu chenye kijikunjo kilichosimama wima hukata karatasi vizuri mno, halafu baada ya vitunguu viwili au vitatu kijikunjo hulala au huvunjika, na chini yake hubaki makali mapana yaliyochoka. Mara ngapi nililaumu chuma bure! Siku hizi hupunguza uzito wa mkono hadi kisu kinapita juu ya jiwe kwa uzito wake chenyewe, nikibadilisha upande kila msuguo mmoja, kisha humalizia kwa kukiburuta kinyume mara chache juu ya ukanda wa ngozi. Makali yaliyonolewa vyema huwa na upana ulio chini ya mikroni 1, wakati unywele wa kichwani una mikroni 50 hadi 100, kwa hiyo si ajabu kwamba jicho halikuweza kunisaidia.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika siku ya karoti, na ndiyo maana iliniumiza. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, nikapima unene wa kisu nyuma kidogo ya makali, pale mteremko wa kunolea unapoanzia: milimita 0.8. Nikapima kisu chembamba cha mtu wa nyumbani mwangu, ambacho sikuwahi kukiheshimu ingawa kilipita kwenye karoti bila kelele, nikapata milimita 0.3. Basi fumbo likafumbuka. Ukali wa makali ndio unaoanzisha mkato, lakini kinachofuata ni mwili wa kisu, na mwili huo ukiwa mnene husukuma vipande viwili pembeni. Nyanya iliyoiva hukubali kusukumwa kwa kuwa ni laini, ila karoti haina pa kwenda, hivyo hubana kisu kisha hupasuka.

Nilikikondesha kwa jioni nne. Nilikilaza karibu kabisa na jiwe, kwenye nyuzi 3 au 4 tu, nikianza na jiwe lenye punje kubwa la namba 220 na kukigeuza kisu kila mara ili pande zote mbili zipungue sawasawa. Ni kazi ya kuchosha, tope la chuma huchafua vidole, na mng'aro wa kiwandani uliisha ukabaki mikwaruzo ambayo msasa haujaificha hadi leo. Kalipa iliposoma 0.35 niliacha, nikanoa makali upya kwa pembe ileile ya nyuzi 15. Karoti iliyofuata ilitoa sauti hafifu tu ya kisu kugusa ubao.

Kwa pupa ya mafanikio nilikwenda hadi jiwe la namba 6,000, makali yakang'aa kama kioo, na kisu kikaanza kuteleza juu ya ganda la nyanya. Nilirudi kwenye 1,000. Makali yaliyoachiwa meno madogo yasiyoonekana hushika ganda mara tu kisu kinapovutwa, na kwa jikoni nayapendelea, ingawa kwa kunyolea ningechagua yale yaliyong'arishwa. Ubao wa kioo nao niliuondoa, kwa kuwa kioo ni kigumu, hakibonyei kama mti, na hulaza makali kwa kila pigo. Ubao wa mti unatosha.

Wembamba una gharama yake, nami niliilipa mwezi uliofuata nilipotumia kisu hicho kukatia mfupa kwa uvivu wa kutafuta kingine. Makali yalimeguka, yakaacha pengo dogo la nusu duara ambalo ukucha unakwama ndani yake. Kulifuta kwa jiwe kulinichukua saa nzima. Kisu kile cha kwanza chenye doa la samawati, kinene na laini, sasa ndicho kinachoshughulikia mifupa, na hukinoa kwa nyuzi 25 kila upande.